Bwana Jeilani na Ndago ya Shamba la Asumini

Leo, mwezi wa Mfungo Sita wa mwaka 1332, ambao Wazungu wa bomani wanauita 1914, Bwana Jeilani bin Mahmud anapumzika baada ya kulitumikia Shamba la Asumini la marehemu Bi Kulthum kwa miaka ishirini na minane. Wengine wangesema leo anaweka jembe chini. Sisi tuliofanya naye kazi hatuwezi kusema hivyo bila kucheka, maana jembe aliliweka chini zamani, akalifungia ghalani, na ufunguo akauficha hata mkewe asijue ulipo. Sababu yake mtaisikia.

Maneno haya nimeyaandika mimi, Kadija, mtunga vikuba vya maua wa shamba hili. Anayewasomea ni Bwana Fadhil, mwadhini wetu, kwa kuwa sauti yake inafika hadi barazani na yangu inaishia kwenye pazia. Tumekubaliana asome kama yalivyo, asipunguze, asipambe. Akiruka neno nitakohoa, na kifua changu nyote mnakijua.

Kwa wageni wetu waliotoka Pate na bara, nieleze kidogo. Bi Kulthum wa Mkomani alilitoa wakfu shamba hili la nyuma ya Langoni, penye mchanga mwepesi na kisima cha maji matamu. Sharti lake lilikuwa kwamba maua ya hapa yaupambe msikiti wakati wa Maulidi, na bibi harusi yeyote wa Lamu, awe wa jumba la mawe au wa banda la makuti, asitoke kwao bila asumini. Mtunza shamba akapewa nyumba ndogo iliyo kando ya kisima akae na watu wake. Lakini maua yakikoma, shamba lipandwe minazi, nazi zinunue mafuta ya taa za msikiti, na mtunza shamba atafute pa kwenda. Bi Kulthum alikuwa mpole wa maneno, ila wasia wake hakuuandika kwa mchezo.

Bwana Jeilani aliingia shambani akiwa kijana mwembamba, hajui asumini wala afu, ile asumini ya mwituni. Alijifunza kwa kuzitazama. Mimi nilimkuta keshabobea, na siku yangu ya kwanza nilichuma maua yaliyokwisha kufunua, nikijiona hodari kwa jinsi kikapu kilivyojaa weupe. Alikipokea kikapu, akaniuliza kwa adabu zote ni mgeni gani huyo ninayemwandalia chakula cha jana. Tangu hapo nikajua kuwa asumini huchumwa alasiri ikiwa bado imefumba, ili ifunue usiku kichwani mwa mwenyewe. Hakunigombeza. Hajawahi kumgombeza mtu, na ndiyo maana tulikuwa tukimwogopa.

Aliowa kwa kuchelewa. Shangazi zake walikwisha kukata tamaa, wakawa wanasema ati kaowa miasumini. Kumbe mwenzetu moyo wake ulikuwa Siyu, na mwaka wa 1320 akamleta Bi Tima binti Bwanamkuu, mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Lakini siku ileile bibi harusi aliposhuka pwani, Bi Kulthum alifariki Mkomani. Mji mzima ukageukia msibani. Ngoma haikupigwa, sinia halikupambwa, na katika shamba lililojaa maua hakuna aliyekumbuka kumchumia Bi Tima hata asumini moja. Mimi mtunga vikuba sikukumbuka. Aliingia nyumba ya kisimani akiwa na kasha lake na buibui lake, basi.

Na watu hawana dogo. Mnajua desturi yetu ya kupima bibi harusi mgeni kwa mguu wake: akiingia na mvua, mguu mwema, akiingia na msiba, mguu wa nuksi. Masikini Bi Tima, hata hina haijamkauka, kaambiwa kaja na mauti. Hakuna aliyemwambia usoni. Walimwambia kwa kusogeza watoto wao kando akipita, na kwa kunyamaza akiingia mahali. Wengine wenu mlionyamaza mko hapahapa nyuma ya pazia pamoja nami, na leo mmeleta halua. Haya, tutaila.

Baada ya mwaka na kitu ikaja ndago. Ndago mnaijua, jani lake jembamba, linang'aa, na ukilitazama juu utasema ni nyasi tu, leo ipo kesho haipo. Kumbe mwenyewe yuko chini. Chini kuna vijiazi vyeusi vimeungana kwa mizizi kama shanga uzini, kimoja kinamzaa mwenzake, na vinakaa ardhini mwaka hadi mwaka, jua liwake mvua inyeshe. Ilianza kidogo katikati ya miasumini michanga. Tulipogutuka ilikuwa imeenea hadi kwenye mikadi inayonukia, na miasumini inageuka manjano kwa kunyang'anywa maji na chakula.

Hapa ndipo penye aibu yetu sote. Langoni ni watu wa kusaidiana, sifa hiyo hatunyimwi. Wanaume waliposikia shamba la Bi Kulthum limevamiwa walikuja kikundi kizima baada ya sala ya Ijumaa, kila mmoja na jembe lake, na mpiga ngoma, na sisi wanawake tukapika. Walilima siku hiyo kama wanaolipwa dhahabu. Walikatakata, wakachanganya udongo, wakasawazisha pakawa kama sakafu. Bwana Jeilani mwenyewe alilima akiimba. Tukala, tukashukuru, tukaenda zetu. Wiki ya pili masika yakaanguka, na kila kipande kilichokatwa kikawa mama mwenye watoto. Ndago iliota ukuta hadi ukuta. Tulikuwa tumeipanda wenyewe, shamba zima, kwa ngoma na wali wa nazi.

Asubuhi ile nilimkuta Bwana Jeilani amesimama pale kati, kanzu imelowa hadi magotini. Alilichukua lile jembe, akalifuta matope vizuri, akalipeleka ghalani, akafunga mlango.

Mwaka ule maua yalikuwa ya kuhesabu. Akaja kuolewa binti mmoja yatima kutoka Mkokoni aliyekuwa akilelewa hapa mjini, na nilimtungia sinia la majani ya rihani na asumini chache za kuzibia macho. Bwana Jeilani alilipeleka mwenyewe, akasimama mlangoni akawaomba radhi wenyeji. Binti alimjibu kutoka ndani kwamba majani nayo yananukia. Bwana Jeilani aliporudi hakula.

Habari zikamfikia Bwana Abdulkadir, msimamizi wa wakfu. Bwana Abdulkadir ni mtu wa haki, na nasema haya naye yupo mstari wa mbele. Alikuja, akatembea shamba lote, akainama akang'oa jani moja, akalitazama. Kisha akauliza mbele yetu sote, "Nti hii haikuwa na ndago. Imekuya na nani?" Bwana Jeilani alijibu papo hapo, "Imekuya na mimi." Alisema ni samadi aliyoichukua bara bila kuipepeta. Bwana Abdulkadir alisikitika, kwa sababu alikuwa akimpenda, na ilimbidi aseme lililokuwa haki yake kusema: wasia ni wasia, na la kuvunda halina ubani. Akampa muda hadi Maulidi ya mwaka wa pili. Shamba likiwa na maua, abaki. Lisipokuwa nayo, miche ya minazi italetwa, na Bwana Jeilani na mkewe watafunga kasha lao.

Kutoka siku hiyo watoto wa Langoni wakampa jina, Bwana Ndago. Na wakubwa wakalipokea. Hata leo kuna mtu kaniuliza nje hapo kama nimekwisha kumwandikia Bwana Ndago maneno yake.

Sasa nieleze alivyofanya, maana walioleta majembe siku ile wanastahili kujua. Alikuwa amechonga muo, ule mti wenye ncha, akachukua kibao cha kukalia, akaketi pembeni kabisa mwa shamba, akaanza. Alikuwa akisema, "Ndago ina ndia yake. Ifuateni, msiikate." Alichimba kandokando ya jani taratibu, akaufuata uzi kutoka kijiazi hadi kijiazi, mpaka cha mwisho, na akitoka na mkufu mzima haujakatika utadhani kavua nguru. Udongo uliobaki Bi Tima aliuchekecha. Alisuka chekecheo kubwa la ukindu, akaketi mkabala na mumewe, mchanga ukapita na vijiazi vikabaki. Jua kali, na haendi kivulini. Tulimwambia apumzike. Alitutazama tu na kuendelea. Nilidhani ni ukaidi wa watu wa Siyu.

Kila kitalu kilichokwisha walikifunika. Bwana Jeilani alizunguka kwa wenye vyombo vya bahari akiomba matanga makuukuu, yale yaliyokwisha kuchanika yasiyofaa tena, akayatandaza juu ya udongo na kuyakandamiza kwa mawe, kaskazi nzima, ili kilichosahaulika chini kikose mwanga kichoke. Mtu akipita ukutani aliona shamba la maua limevaa viraka. Walicheka sana. Matanga yalipoondolewa akapanda viazi vitamu, kwa kuwa ndago haipendi kivuli, na majani ya viazi yakatambaa yakaifunika nchi yote. Langoni ikala matembele mpaka ikayachoka. Na bado kila asubuhi alipita akiinua majani kwa kidole, na jani jipya la ndago likichungulia analifuata palepale kabla halijazaa.

Vile vijiazi hawakuvitupa. Bi Tima alivikosha, akavianika juu ya dari, akavitwanga. Ndago iliyotwangwa ina harufu yake ya udongo na ubani, na wajuzi huitia katika dalia ya kujipaka na kwenye makasha ya nguo. Akawa anawagawia wanawake bure, wakiwemo wale wa kunyamaza. Ila aligawa unga tu. Kijiazi kizima hakikutoka mikononi mwake, na Bi mmoja mkubwa wa Mkomani aliyeomba vizima alirudishwa mikono mitupu.

Basi na Bwana Jeilani akawa na wazimu wake. Hakuna aliyeingia shambani bila kuvua makubadhi na kuyagongesha ukutani. Bwana Abdulkadir aligongesha. Bwana Fadhil anayesoma hapa aligongesha, tena alirudishwa mara ya pili, na akiruka sentensi hii nitakohoa. Katika harusi moja huko Mkomani, wageni wameketi, biriani linapakuliwa, Bwana Jeilani akaliona jani uani. Alitoka kwenye mkeka akiwa na kanzu mpya na kizibao cha kuazima, akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa kijiko. Alirudi na kijiazi mfukoni na uso wa furaha, na biriani limekwisha. Mwenye nyumba hakujua acheke au akasirike.

Maulidi ya mwaka wa pili ikafika. Wiki kabla yake miasumini ilikuwa imefumba vichwa vyeupe kutoka kisimani hadi ukutani, na chini yake mchanga safi. Bwana Abdulkadir alikuja, akagongesha makubadhi yake bila kuambiwa, akatembea shamba lote. Alipofika kwenye mikadi aligeuka akamshika Bwana Jeilani mkono, akaushika muda mrefu, na tuliokuwa karibu tulitazama pembeni. Bibi harusi wa kwanza kupata sinia kamili alikuwa Radhiya wangu, mwanangu wa pekee. Nilitunga huku nalia, na sioni haya kulisema.

Hapo ndipo wasifu huu ungeishia, na ningekwisha kumwombea dua, na Bwana Fadhil angekwisha kupumzisha koo. Lakini juzi Bi Tima aliniita uani kwake. Aliniuliza kama nimeandika kwamba Bwana Jeilani ndiye aliyeleta ndago. Nikamwambia, ndiyo, nimeandika kwa mzaha mwema, watu wacheke. Akasema nifute. Akasema nikikataa, atasema mwenyewe kutoka nyuma ya pazia, mbele ya wanaume. Nami namjua Bi Tima, angesema.

Bwana Jeilani, tafadhali usiinuke. Kaa. Bwana Fadhil, endelea.

Ndago ililetwa na Bi Tima. Alipotoka Siyu mamake alimfungia vijiazi vichache kwenye pindo la leso, kutoka ua wa kwao, ambako akina mama huvitwanga kwa manukato, ili huku ugenini asikie harufu ya nyumbani. Alifika siku ya msiba. Hakuna aliyempokea kwa maua. Jioni ile akavifukia kando ya kisima, mbele ya mlango wake, akawa na kitu chake kimoja hapa Lamu. Hakujua kwamba kando ya kisima chenye maji matamu ndago haitakaa pale ilipoambiwa.

Bwana Jeilani aligundua siku moja kabla ya Bwana Abdulkadir kuja. Alikuwa amejaribu muo wake kwa mara ya kwanza. Alifuata uzi mmoja kutoka kwenye miasumini, kijiazi baada ya kijiazi, akipiga magoti njia nzima, ukampitisha kisimani, ukamfikisha kizingitini pake. Mkewe alikuwa ndani anakuna nazi. Alimwona amepiga magoti mlangoni, mkufu wa ndago umemning'inia mkononi, na akajua kwamba amejua. Anasema alingoja talaka. Bwana Jeilani alinawa mikono, akaketi, akamwambia, "Usinene, Tima. Mguu wako umepimwa mara moja, yatosha. Ndago ni yangu." Akamwapisha asiseme kwa mtu maadamu yeye ni mtunza shamba hili.

Ndiyo maana hakwenda kivulini. Na ndiyo maana watoto walipomwita mumewe Bwana Ndago yeye alikuwa akiingia ndani. Miaka yote hiyo amelala katika nyumba ambayo mumewe aliiweka rehani kwa ajili yake, akiwa ameapa, hana pa kulisemea.

Leo adhuhuri Bwana Jeilani alimkabidhi Bwana Abdulkadir ule ufunguo wa ghala. Si mtunza shamba tena, na kiapo kimekwisha. Kama ile samadi ya bara ilikuwa uongo, wanazuoni mko hapa, ipimeni. Mimi nimekwisha kuipima kwa mizani yangu, na naona aibu kwa ajili ya halua hii. Ndugu zangu wa nyuma ya pazia, mguu ule tuliouogopa ndio uliochekecha mchanga wote mnaoukanyaga mkija kuwachumia mabinti zenu maua. Bi Tima, tuwie radhi. Tulikukosea mlangoni, siku ya kwanza kabisa.

Wawili hawa wanahamia Siyu, kwenye nyumba ya mamake Bi Tima. Uani kwake ndago imejaa, sijapata kuona kwa mato yangu ila nimeambiwa. Bi Tima anamwomba mumewe aiache. Asichonge muo, asitandaze tanga, aketi tu jioni apulizwe na upepo, na watu wa Siyu waingie na makubadhi yao.

Bwana Jeilani, shamba linakushukuru, msikiti unakushukuru, na mabibi harusi waliokwisha kuwa mama wa watu wanakushukuru. Mola akupe afya, akupe miaka mirefu ya kukaa kitako, na akuweke na mkeo katika maskani yenye kheri hadi mwisho wenu.

Limebaki jambo moja. Wasia wa Bi Kulthum unasema hakuna bibi harusi atakayetoka bila asumini, na katika miaka hii yote shamba linadaiwa na mmoja. Alasiri ya leo tumechuma, zikiwa zimefumba. Sinia liko hapa karibu yangu, na hivi Bwana Fadhil anavyosoma, wanawake wale wale wa kunyamaza wanamvisha Bi Tima kikuba chake. Kina asumini, kina rihani, kina mkadi, na katikati nimetia ndago ya Siyu. Usishtuke, Bwana Jeilani. Nimeitwanga.